Biti za mkia mwembamba: tundu kubwa kwa chaki ndogo

Chaki nyingi za drili za karakana ndogo, yaani kishikio chenye meno matatu kinachobana biti, hufunguka hadi milimita 13 tu. Ukihitaji tundu la milimita 20 au 25 kwenye bamba la chuma, biti ya kawaida ya ukubwa huo haiingii. Hapo ndipo mafundi wengi hukutana na biti za mkia mwembamba: mwili mnene, lakini sehemu inayoshikwa na chaki imechongwa ikabaki nusu inchi, yaani milimita 12.7. Nazipenda sana biti hizi. Kinachonisumbua ni kwamba watu huzinunua wakiamini zimeiongezea mashine yao nguvu, na imani hiyo huvunja biti na kuumiza mikono.

Wengine huziita Silver & Deming, kwa jina la kampuni ya Salem, jimbo la Ohio, Marekani. Seti za inchi huanzia 9/16, karibu milimita 14.3, na kufika inchi moja na nusu. Kwa kawaida urefu wote ni inchi 6, na nusu yake ndiyo mifereji. Ni fupi kuliko biti ndefu za karakana kubwa, na ufupi huo ni faida: biti fupi haiyumbi sana, na kwenye drili ya mezani inakuachia nafasi ya kuweka jiliwa chini yake.

Sasa hesabu yenyewe. Ukisukuma kwa kasi ileile kwa kila mzunguko, nguvu ya kuzungusha biti hupanda karibu na mraba wa kipenyo. Tundu la milimita 25 linadai karibu mara nne ya lile la 12.5. Lakini mkia ni uleule. Na uwezo wa chuma cha mviringo kustahimili msokoto hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo (kipenyo mara kipenyo mara kipenyo), kwa hiyo mkia wa 12.7 una thumuni tu ya uwezo wa mkia wa 25.4. Mzigo wote wa makali mapana unapita kwenye shingo hiyo nyembamba na kwenye meno matatu ya chaki. Ndiyo maana biti hizi hazifai kwenye drili ya mkononi ya kawaida. Biti ikikwama, mota haisimami papo hapo. Mwili wa drili ndio unaogeuka, na kifundo cha mkono wako kinageuka nao. Kwa chuma, mimi huzifunga kwenye drili ya kusimama tu.

Ukichagua, angalia mkia kwanza. Zile nzuri zina bapa tatu zilizosagwa ili meno ya chaki yakae juu yake. Zungusha biti kwa vidole huku ukifunga chaki polepole mpaka usikie kila jino limelala kwenye bapa lake, kisha kaza kwa ufunguo kwenye matundu yote matatu ya chaki, si moja. Mkia wa mviringo mtupu utateleza tu, na ukiteleza unajichimba mikwaruzo ambayo kesho itafanya biti ikae upande.

Kuhusu chuma cha biti, HSS ya kawaida (chuma kigumu cha kutengenezea biti kinachostahimili moto wa kukata) inatosha kwa chuma laini, alumini na chuma cha kusubu. Kwa chuma kisichoshika kutu, lipia zaidi upate yenye kobalti asilimia 5 au 8. Rangi ya dhahabu, yaani utando mgumu unaopakwa juu ya baadhi ya biti, haimwokoi mtu ambaye biti yake imenolewa vibaya.

Jambo ninaloulizwa kuliko yote ni tundu la kuongozea, lile dogo linalotobolewa kwanza. Tazama ncha ya biti nene kwa karibu. Katikati, mahali makali mawili yanapokutana, kuna ukingo mfupi uliolala mshazari. Ukingo huo haukati. Unasukuma na kusaga chuma. Kwenye biti ya milimita 25 una upana wa milimita tatu hadi nne, na ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu unayoweka kwenye mpini. Tundu la kuongozea kazi yake ni kuuondolea ukingo huo chuma, basi. Linatakiwa lizidi upana wake kidogo: milimita 5 au 6 kwa biti ya 25.

Mazoea ya kupanda ngazi, 6, kisha 10, kisha 14, kisha 18, mpaka ufike 25, ni ya kuachwa. Kila hatua inabakiza ukuta mwembamba ambao biti inaukata kwa pembe za nje peke yake, na pembe hizo ndizo zenye mwendo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya makali. Zinapata moto na kuwa butu, na ncha inakosa mahali pa kuegemea. Tundu linatoka na pembe tatu badala ya duara. Kama mashine yako ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi kutoka 6 hadi 25, ongeza hatua moja katikati, lakini jua kwamba mashine imekwisha kukwambia kipimo chake.

Kasi ni rahisi kukokotoa. Chuma laini na biti ya HSS, chukua mwendo wa makali wa mita 25 kwa dakika. Zidisha kwa 318, gawanya kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Biti ya 20 inataka karibu mizunguko 400 kwa dakika; ya 25, karibu 320; ya 32, chini ya 250. Kwa chuma kisichoshika kutu, gawanya kwa mbili tena. Drili nyingi ndogo za mezani haziteremki chini ya 500 hata mkanda ukiwa kwenye puli ya chini kabisa. Soma kibao cha kasi kabla ya kununua biti, maana tatizo hilo huwezi kulimaliza kwa mafuta ya kukatia.

Mafuta yenyewe ni lazima kwenye chuma laini. Alumini inapenda mafuta ya taa. Chuma cha kusubu kikate kikavu. Sukuma kwa uthabiti. Ukibembeleza biti inasugua badala ya kukata, na chuma kisichoshika kutu kikisuguliwa kinakuwa kigumu mpaka makali yanashindwa. Nyuzi za chuma zitoke kwenye mifereji yote miwili kwa unene sawa. Zikitoka upande mmoja, makali hayakunolewa sawa na tundu litakuwa kubwa kuliko biti. Zikiwa za buluu, punguza kasi.

Shaba ya njano na plastiki ngumu zina hatari yake: makali yenye pembe kali yanajivuta ndani kama parafujo. Pitisha jiwe la kunolea kwenye uso wa mbele wa makali, upate kibapa chembamba kilichosimama wima. Biti itakwangua bila kung'ang'ania.

Bamba jembamba la milimita moja au mbili nisingeliwekea biti hizi hata kidogo. Ncha inatokea upande wa pili kabla makali hayajaingia yote, na bamba linapanda juu ya biti na kuanza kuzunguka. Tumia biti ya ngazi au msumeno wa kutobolea.

Wakati wa kutokeza kwenye bamba nene ndio hatari zaidi. Sauti inabadilika, mpini unalegea mkononi. Hapo punguza msukumo mara moja. Kazi iwe imebanwa kwenye jiliwa iliyofungwa kwa bolti mezani, na glavu zivuliwe, kwa sababu uzi mmoja wa chuma ukishika kitambaa unavuta mkono wote.

Ukiwa na matundu mengi ya zaidi ya milimita 25, usiendelee na mkia mwembamba. Mashine yenye tundu la koni ya Morse (mkia uliochongoka unaojibana wenyewe bila chaki) namba 2 hupokea biti hadi 23, namba 3 hadi karibu 32, na koni haitelezi kirahisi kama chaki. Kwa bamba nene, kikatio cha pete ni bora zaidi: kinakata mzingo tu na kuacha kisiki cha katikati kikiwa kizima.

Ukimaliza, pangusa mkia na uupitishie kidole. Ukisikia vinundu vilivyoinuliwa na meno ya chaki, visawazishe kwa tupa laini kabla hujairudisha biti kwenye kasha.