"Nimeweka nywila ngumu, inatosha": dhana potofu kuhusu ulinzi wa PostgreSQL

Dhana: Nywila ikiwa ngumu, hakuna atakayeingia bila kuijua.

Ukweli: Kabla ya kudai nywila, PostgreSQL, programu ya seva ya kusimamia hifadhidata, hutazama unatoka anwani gani, unajitambulisha kwa jina gani na unataka hifadhidata ipi. Kisha husoma faili la pg_hba.conf ili ijue ikuhoji vipi, au isikuhoji kabisa. Mstari unaokuhusu ukiishia na neno `trust`, nywila yako ya herufi thelathini haina kazi: yeyote anayepitia mstari huo hujiita `postgres` na kupokelewa. Mara nyingi neno hilo huingia kwa nia njema. Mtu amesahau nywila, anaweka `trust` ili aibadilishe, kazi inakwisha, mstari unabaki palepale.

Na `postgres`, akaunti ya msimamizi mkuu (superuser), si jina la kugawa ovyo. Kwa amri ya `COPY ... FROM PROGRAM`, mwenye cheo hicho anaweza kuendesha amri za mfumo endeshi wenyewe, kwa haki za akaunti inayoendesha seva. Sioni sababu hata moja ya tovuti au programu ya duka kuunganishwa kwa akaunti hiyo. Itengenezee akaunti yake, uipe haki za majedwali inayoyahitaji tu.

Dhana: Nikiongeza mstari mkali mwishoni mwa faili, nimefunga.

Ukweli: Faili husomwa kutoka juu, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Hata nywila ikikataliwa hapo, seva haishuki kujaribu unaofuata. Chukua hii:

```
host  all  all  0.0.0.0/0  trust
host  all  all  0.0.0.0/0  reject
```

Mstari wa pili umekufa. Asiyelingana na mstari wowote hukataliwa, kwa hiyo faili fupi ni salama kuliko refu lililojaa viraka. Ukishahariri, endesha `SELECT pg_reload_conf();`, la sivyo seva itaendelea na kanuni za zamani. Mwonekano (view) wa `pg_hba_file_rules` utakuonyesha mistari yenye makosa. Usome kabla ya kuendesha amri hiyo.

Dhana: md5, mbinu ya kuhifadhi nywila kama hashi (msimbo uliokokotolewa kutoka kwayo), inatosha, maana nywila haihifadhiwi wazi.

Ukweli: Haihifadhiwi wazi, lakini aliyeiba hashi yake anaweza kuingia nayo bila kuijua nywila. SCRAM-SHA-256, mbinu mpya zaidi iliyokuja na toleo la 10 mwaka 2017, iliziba tundu hilo, na toleo la 14 la mwaka 2021 likaifanya kuwa chaguo-msingi. Wengi hujikwaa hapa: kupandisha toleo hakugeuzi nywila za zamani. Kila moja lazima iwekwe upya. Tumia `\password` ndani ya psql, programu ya kuandikia PostgreSQL amri, kwa sababu `ALTER ROLE` yenye nywila iliyoandikwa wazi inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva.

Dhana: Muunganisho umesimbwa, basi niko salama.

Ukweli: Chaguo-msingi la psql ni `sslmode=prefer`: hujaribu kusimba, ikishindikana huendelea bila kusimba. Mpangilio unaokagua cheti na pia jina la seva ni `verify-full`.

Dhana: ufw (ukuta-moto wa Ubuntu) imezuia mlango 5432 wa PostgreSQL, kwa hiyo hakuna wa nje anayefika.

Ukweli: Kwa seva iliyosakinishwa kawaida kwenye Ubuntu, sawa, na kwa chaguo-msingi husikiliza localhost tu. Lakini ukiiendesha ndani ya Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa) kwa `-p 5432:5432`, Docker huandika kanuni zake za mtandao zinazoipita ufw, na mlango hubaki wazi ilhali `ufw status` inasema umefungwa. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`, kisha ujaribu kuunganisha kutoka kompyuta nyingine kabisa, si kutoka ndani ya seva hiyohiyo.