Je, wajua? Diski isiyo na kosa inaweza kubeba lawama za waya

Kompyuta inakwama katikati ya kunakili mafaili, inadai data haisomeki, na fundi anasema: diski imekufa, nunua nyingine. Huenda ni kweli. Lakini kabla hujatoa hela, diski yenyewe ina rekodi ya yaliyoipata, na rekodi hiyo inasomeka bure.

Diski nyingi huweka kumbukumbu za afya yake kwa mfumo uitwao SMART. Ukifungua programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartctl kwenye Linux, utakuta safu ya namba. Namba 5 na 197 zinahusu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizoharibika au zinazogoma kusomeka. Zikipanda, hamisha data leo hii, usisubiri kesho. Namba 199 ni kesi nyingine kabisa: inahesabu mara ambazo data imeharibikia njiani, kati ya diski na mazabodi.

Inajulikanaje kwamba imeharibikia njiani? Kila furushi la data husafiri na namba ya uhakiki iitwayo CRC, iliyokokotolewa kutokana na data hiyohiyo. Upande unaopokea hurudia hesabu. Majibu yakitofautiana, furushi hukataliwa na kazi hurudiwa. Ndiyo maana mara nyingi faili hufika salama, ila kompyuta inakuwa nzito kupita kiasi.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kebo. Enzi za zile kebo bapa za IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski na mazabodi, kebo ya awali ilikuwa na nyaya 40. Kasi ya Ultra ATA/66 ilipoingia, megabaiti 66 kwa sekunde, ishara za nyaya jirani zilianza kuingiliana. Wahandisi wakatengeneza kebo ya nyaya 80, zile 40 za ziada zikiwa za ardhi (zisizobeba data), kila moja ikitenganisha nyaya mbili za ishara. Plagi ilibaki na matundu 40 yaleyale, hivyo kebo ya zamani iliingia bila shida yoyote. Draiva, yaani programu inayoiongoza diski, ikidhani ina kebo mpya, inasukuma data kwa kasi ambayo nyaya haziwezi kuihimili, na makosa yanamiminika.

Draiva nayo ilikuwa na tabia yake. Ile ya Windows XP, ikishakusanya makosa sita, ilishusha kasi hatua kwa hatua hadi PIO, hali ambayo prosesa yenyewe inabeba data kipande kwa kipande. Ukibadilisha kebo, kasi hairudi, kwa sababu draiva bado inakumbuka. Ilibidi kuifuta chaneli ya IDE kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), kisha kuwasha upya. Nadhani hapo ndipo diski nyingi nzima zilipotupwa: kebo mpya, uzito uleule, basi diski ikahukumiwa.

SATA, kebo nyembamba iliyochukua nafasi ya IDE, imepunguza matatizo haya, haijayamaliza. Plagi iliyolegea, kebo iliyokunjwa vibaya au kuzidi mita 1, zote huipandisha 199. Andika namba unayoiona, zima kompyuta, badilisha kebo na tundu la kwenye mazabodi, nakili faili kubwa, kisha soma tena. Usitegemee irudi sifuri, maana hesabu hii haifutiki. Unachotafuta ni kama imeacha kupanda. Hata kwenye diski ya mtumba, 199 yenye mamia ya makosa peke yake si sababu ya kuikataa ikiwa imeacha kupanda, na 5 na 197 ziko sifuri.