Tom Clancy, Wakala wa Bima Aliyesikiliza Nyambizi

Kila ninapofundisha ujenzi wa taharuki katika riwaya humrejea Mmarekani Tom Clancy, si kwa uzuri wa lugha yake, maana wahusika wake wengi ni bapa, yaani hawana undani, na mazungumzo yao hunichosha, bali kwa jinsi alivyoifanya taarifa ya kiufundi izae hofu.

Alizaliwa Baltimore mwaka 1947, akasomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Loyola mjini humo, na uoni hafifu ukamnyima nafasi ya kutumikia jeshi. Alikuwa akiuza bima huko Maryland alipoandika The Hunt for Red October, kisa cha nahodha wa Kisovieti anayetoroka na nyambizi yenye makombora ya nyuklia. Chimbuko lake lilikuwa uasi wa Novemba 1975 katika manowari Storozhevoy, ulioongozwa na afisa wa siasa Valery Sablin. Ajabu ni kwamba Sablin hakuwa akikimbilia Magharibi. Alitaka kuwaamsha wananchi wenzake wafanye mapinduzi mapya ya kikomunisti, na mwaka uliofuata akauawa kwa kupigwa risasi.

Riwaya hiyo ilitolewa mwaka 1984 na Naval Institute Press, shirika lililozoea vitabu vya taaluma ya ubaharia wa kivita, ambalo lilimlipa Clancy dola 5,000. Rais Reagan alipoisifu, mauzo yakapaa. Siri ya riwaya hiyo, kwa maoni yangu, iko kwenye sona, mtambo wa kutambua vitu chini ya maji kwa sauti. Clancy humfundisha msomaji kwanza namna nyambizi zinavyowindana kwa masikio, bila kuonana, kiasi kwamba baadaye mngurumo hafifu tu unaomfikia msikilizaji wa sona wa nyambizi ya Kimarekani Dallas unatosha kumkosesha usingizi mtu ambaye hajawahi hata kupanda mashua.

Riwaya ya Red Storm Rising ya mwaka 1986 aliiandika pamoja na Larry Bond, mbunifu wa Harpoon, mchezo wa kuigiza vita vya baharini, ambao waliutumia kupima baadhi ya mapigano kabla ya kuyaandika. Haishangazi basi kwamba mwaka 1996 alishiriki kuanzisha kampuni ya michezo ya kompyuta. Kampuni ya Kifaransa Ubisoft iliinunua mwaka 2000, na mwaka 2008 ikanunua haki za kulitumia jina lake. Clancy alifariki tarehe 1 Oktoba 2013. Jina lake bado linachapishwa kwa herufi kubwa kwenye majalada ya riwaya zinazoandikwa na wengine.