Karama ya shirika la kitawa: mfano wa masista wa Loreto

Karama ya shirika la kitawa ni namna yake ya pekee ya kuishi Injili. Mwanzilishi huipokea kwanza, wenzake huishiriki, kisha Kanisa huipima na kuikubali. Mtume Paulo anazitaja karama katika 1 Wakorintho 12 kuwa ni vipaji vya Roho Mtakatifu kwa faida ya wote. Lakini kuzungumzia karama ya shirika zima ni mazoea yaliyoshamiri baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1965 uliwataka watawa wote wairudie roho ya waanzilishi wao.

Wengi huchanganya karama na kazi. Utasikia kwamba hawa karama yao ni shule na wale karama yao ni hospitali. Kazi ni tunda tu. Mashirika mawili yanaweza kufundisha mtaala uleule katika mji mmoja, lakini kila moja likawa na jibu lake kuhusu kwa nini linafundisha, na msichana anayefundishwa anatazamiwa kuwa mtu wa namna gani. Jibu hilo ndilo linaloonyesha karama. Kwa masista wa Loreto, wanaofahamika sana Kenya, jibu lilianza zaidi ya miaka 400 iliyopita, na lilimtia mwanzilishi kifungoni.

Mwanzilishi huyo, Mary Ward, alizaliwa mwaka 1585 Yorkshire, Uingereza, wakati Wakatoliki wa huko walitozwa faini kwa kukosa ibada za kanisa la serikali, na mapadri waliokamatwa waliweza kuuawa. Alivuka bahari akaingia kwa Waklara Maskini, watawa wa kike wa ndani, mjini Saint-Omer, ambao leo uko Ufaransa, lakini akatambua kwamba utawa wa ndani ya kuta haukuwa wito wake. Mwaka 1609 alianza jumuiya na wenzake wachache, wakafungua shule. Mwaka 1611, akiwa katika sala, alielewa kwamba alipaswa kufuata mtindo wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, na wanawake waishi vilevile.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kwa sheria zilizofuata Mtaguso wa Trento, mtawa wa kike alitakiwa kukaa katika klausura: hatoki, na mgeni haingii. Mary Ward aliomba masista wake wasifungiwe, wasilazimike kusali Masifu, yaani sala rasmi za kila siku, kwa kuimba katika kwaya, wavae mavazi ya kawaida ya wakati ule, na waongozwe na mkuu mwanamke anayewajibika kwa Papa moja kwa moja badala ya kwa askofu wa mahali. Maombi hayo hayakuwa ya kutafuta starehe. Nchini Uingereza, ambako dini yao ilikuwa ya kujificha, sista aliyefungiwa asingeweza kumfundisha mtoto wala kumfariji mtu kitandani. Uhuru wa kutembea ulikuwa sehemu ya utume wenyewe.

Msingi wa kiroho ulikuwa ule wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti: kumtafuta na kumpata Mungu katika mambo yote, sokoni na darasani sawa na kanisani. Mwaka 1615 Mary Ward alimwandikia muungamishi wake kuhusu hali ya nafsi aliyotaka kwa masista wake. Ndani ya barua hiyo mna mambo matatu ambayo shule za Loreto bado zinayataja: uhuru, haki na unyofu. Uhuru kwake ni kutofungwa na chochote, ili mtu aweze kumwelekea Mungu na kulifanya lolote lililo jema. Unyofu aliueleza hivi: tuwe vile tunavyoonekana, na tuonekane vile tulivyo. Binafsi naona huo ndio mtihani mgumu kuliko ile mingine miwili, hasa kwa shule yenye jina kubwa.

Padri mmoja aliposema kwamba ari ya wanawake hao ingepoa kwa kuwa, mwisho wa yote, ni wanawake tu, Mary Ward aliwajibu masista wake mwaka 1617: hakuna tofauti kati ya mwanamume na mwanamke inayomzuia mwanamke kufanya mambo makuu, na wakati ujao wanawake watafanya mengi. Wanafunzi wake walijifunza Kilatini na kuigiza michezo jukwaani, jambo lililowakera wengi.

Mwaka 1621 alisafiri kwa miguu kutoka Brussels hadi Roma kuomba kibali. Hakukipata. Mwaka 1631 Papa Urbano VIII alilifuta shirika, naye Mary Ward akafungiwa katika monasteri ya Waklara mjini Munich kama mzushi, yaani mpotoshaji wa imani. Kutoka humo aliwaandikia wenzake kwa maji ya ndimu, maandishi yasiyoonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Aliachiwa, akafa mwaka 1645 karibu na York. Masista waliobaki waliendelea kwa tahadhari. Kanuni zao zilikubaliwa mwaka 1703, lakini mwaka 1749 walikatazwa kumwita Mary Ward mwanzilishi wao, na zuio hilo halikuondolewa mpaka 1909. Kwa hiyo vizazi kadhaa viliishi karama ya mtu ambaye hawakuruhusiwa kumtaja kuwa mwanzilishi wao.

Jina Loreto ni la mji wa Italia wenye patakatifu pa Bikira Maria, ambapo Mary Ward alisali. Tawi la Ireland, lililoanzishwa na Teresa Ball karibu na Dublin mwanzoni mwa miaka ya 1820, ndilo lililolitumia na kulieneza hadi India, ambako Mama Teresa wa Kolkata alikuwa sista wa Loreto kabla ya kuanzisha shirika lake.

Kenya walifika mwaka 1921. Shule yao ya Msongari, Nairobi, ilianza kwa ajili ya watoto wa Wazungu, kwani elimu ya kikoloni iligawanywa kwa rangi, na ni haki kusema kwamba "uhuru" na "haki" hapo vilisubiri nje ya lango. Shule ya Limuru, iliyoanza mwaka 1936, ilikuwa ya wasichana Waafrika. Wangari Maathai alimaliza hapo mwaka 1959, na baadaye alisimulia jinsi masista walivyomtia moyo katika sayansi.

Tangu Sheria ya Elimu ya 1968, shule nyingi za misheni nchini Kenya zimekuwa za serikali, kanisa likibaki mfadhili. Mwalimu mkuu mara nyingi si sista, na walimu ni waajiriwa wa umma, wa dini mbalimbali. Ndiyo maana masista wa Loreto leo huwaandalia walimu walei, yaani wasio watawa, semina kuhusu Mary Ward: wanaoingia darasani kila asubuhi ni hao.