Mguu umekufa ganzi ghafla: kwenda hospitali au kusubiri?

Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili, kliniki na hata nikiwa msibani: "Daktari, mguu umekufa ganzi na umekaza ghafla. Niende hospitali au utaachia wenyewe?" Ninatibu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu hapa Mwanza, na jibu langu halianzi na ukubwa wa ganzi. Ipo ganzi nzito ya kutisha ambayo haina neno lolote, na ipo ganzi hafifu, mtu anaona kama amevaa soksi tu, ambayo inatakiwa imfikishe hospitali usiku huohuo. Ninachotaka kujua ni imeanza kwa kasi gani, imekaa wapi na imekuja na nini.

Tuanze na ile isiyo na neno. Umekaa mkekani umekunja miguu, au umechuchumaa muda mrefu ukipalilia. Neva inayopita nyuma ya goti na pembeni yake inabanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ukinyoosha mguu, unasikia sindano nyingi, kisha hisia inarudi. Hapo pana sababu inayoonekana, dakika chache imekwisha, na nguvu zote zimerudi. Nenda kaendelee na shughuli zako. Ila ikiwa hisia imerudi lakini unyayo hauinuki, yaani ukitembea vidole vinaburuza chini, neva imeumia na inahitaji kuonwa ndani ya siku chache. Nyingi hupona kwa wiki au miezi, lakini lazima kwanza tuthibitishe kwamba ni hiyo neva na si uti wa mgongo, yaani ule uzi wa neva unaopita ndani ya pingili.

Jambo moja zaidi kabla ya makubwa. Watu huchanganya kukaza na kubanwa na misuli. Kubanwa na misuli usiku kunauma, shavu la mguu linakuwa gumu kama jiwe, ukivuta vidole kuelekea kwako kunaachia. Kukaza kunakonitia wasiwasi mara nyingi hakuumi. Mguu unakuwa mzito, goti linakataa kukunja vizuri, soli ya ndala inalika upande wa mbele kwa sababu vidole vinakwaruza ardhi. Ukiweka ncha ya mguu kwenye ngazi, mguu unaanza kutetemeka wenyewe, tiki-tiki-tiki, na huwezi kuuzuia mpaka ukanyage kwa kisigino. Aliye na mtetemo huo asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mara nyingi unatoka kwenye ubongo au uti wa mgongo.

Sasa neno "ghafla". Wagonjwa wangu hulitumia kwa jambo la wiki mbili na kwa jambo la sekunde mbili, kwa hiyo huwa nauliza: dakika ile ilipoanza ulikuwa unafanya nini? Anayejibu "nilikuwa namenya viazi, kisu kikaanguka, nikitaka kusimama mguu haupo" ananieleza kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kiharusi hakijui kubisha hodi. Mara nyingi kinashika upande mmoja: uso, mkono na mguu, na mdomo unapinda au maneno yanakuwa mazito. Lakini mshipa wa damu unaolisha sehemu ya mbele ya ubongo ukiziba, mguu mmoja unaweza kulegea au kufa ganzi huku uso na mkono vikiwa karibu vizima. Ndiyo maana simwambii mtu atulie eti kwa sababu anaongea vizuri.

Andika saa ilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Si kila hospitali inayo, na hilo linaniuma, lakini hata pasipo na dawa hiyo bado kuna mengi ya kuokoa: kudhibiti presha na sukari kwa uangalifu, kuzuia chakula kisiingie kwenye mapafu, kutafuta chanzo kwenye moyo. Kwa aliyeamka asubuhi akiwa hivyo, saa tunayohesabu ni ile aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa hiyo mtu aliyelala naye chumba kimoja aje naye hospitali.

Kuna kitu hapa ningependa kila msomaji akibebe. Ganzi ya kiharusi inaweza kuisha yenyewe. Mguu na mkono wa upande mmoja vinakufa ganzi dakika 15, kisha vinarudi sawasawa, familia inamshukuru Mungu na kurudi shambani. Damu iliganda, ikaziba, ikaachia. Hatari ya kiharusi kamili inakuwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata, hasa 2 za mwanzo, na huo ndio wakati ambao dawa zinazuia zaidi. Mtu anayekuja akiwa mzima kabisa, akiona aibu kwamba ananipotezea muda, ndiye ninayeweza kumsaidia kuliko wote. Nenda siku hiyohiyo hata kama unaruka na kucheza.

Miguu miwili ikishikwa pamoja, mawazo yangu yanahama kutoka kichwani kwenda mgongoni. Hapa ndipo kanda yetu ya ziwa ina mambo yake. Mvuvi kijana aliwahi kuletwa na kaka yake, analalamika miguu tu. Nilichukua kipande cha pamba nikaanza kumgusa kutoka kwenye vidole kwenda juu, taratibu, macho yake yakiwa yamefumbwa, nikimwambia aseme "hapo" akisikia sawasawa. Kwenye magoti kimya. Kwenye mapaja kimya. Nilipofika vidole vitatu chini ya kitovu akasema "hapo", na mgongoni mstari ukawa usawa uleule. Mstari wa namna hiyo unaonyesha kwamba tatizo liko kwenye uti wa mgongo, ingawa mgonjwa hakuwa na habari kuhusu tumbo lake. Nikamuuliza mkojo. Alikuwa hajakojoa tangu jana yake asubuhi na alidhani ni kwa sababu hajanywa maji. Tulipompapasa, kibofu kilikuwa kimejaa.

Kwa kijana wa ziwani mwenye hali hiyo, mojawapo ya vitu vya kwanza ninavyofikiria ni kichocho. Wengi wanajua kichocho cha kukojoa damu. Cha Ziwa Victoria mara nyingi ni kile cha utumbo, na mayai yake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo, hasa sehemu ya chini. Mwili unavimba kuyazunguka na kuubana uti. Kwa siku au wiki chache mgongo unauma, miguu inakosa nguvu, mkojo unagoma. Choo kinaweza kupimwa kisionekane yai hata moja, na bado kikawa ndicho. Kinatibika kwa prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, na anayewahi anapona kuliko anayechelewa.

Kingine ni kifua kikuu cha pingili za mgongo. Hakijifichi sana ukikiuliza vizuri: mgongo unauma wiki au miezi, unauma hata ukiwa umelala, jasho la usiku, nguo zinapwaya, pengine kibiongo kidogo kimeanza kutokeza. Kisha pingili inabonyea na miguu inakaza ndani ya siku chache. Daktari wa Uingereza, Percivall Pott, alieleza hali hii mwaka 1779, na mimi bado naiona wodini. Kwa wazee nafikiria saratani iliyosambaa kwenye mifupa, hasa ya tezi dume, na kwa wanawake ya titi. Kwa wote hao, mtu aliyefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyefika amebebwa, nafasi hiyo imepungua sana. Siwezi kulisema hili kwa sauti ya kutosha.

Dalili moja naomba isionewe haya. Ukipoteza hisia katika sehemu inayogusa siti ya baiskeli, yaani kuzunguka njia ya haja kubwa, sehemu za siri na mapaja ya ndani, au ukipangusa usihisi, au mkojo ukagoma, au choo kikatoka bila wewe kujua, hiyo ni dharura ya usiku huohuo hata kama miguu inatembea. Neva za chini kabisa za mgongo zinabanwa, mara nyingi na diski (kile kinachokaa katikati ya pingili na pingili) iliyochomoka, na upasuaji ukichelewa mkojo unaweza usirudi tena. Wazee wetu huwaficha hata wake zao jambo hili. Mama, baba, liseme.

Ipo pia konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu, na naitaja kwa sababu imewahi kuwa hapa jirani. Daktari Trolli aliieleza Kongo mwaka 1938, na mwaka 1985, wakati wa njaa ya ukame, iliwapata watu wa Tarime, mkoani Mara. Mtu aliyekuwa mzima, mara nyingi mtoto au mama wa umri wa kuzaa, anaamka au anarudi kutoka safari ndefu ya miguu akiwa amekakamaa miguu yote miwili kwa usawa. Ndani ya siku chache inafika kilele, haiendelei tena, lakini kukaza hakuondoki. Chanzo ni sumu ya sianidi kutoka kwenye muhogo mchungu ulioandaliwa haraka, kwa watu ambao hawana chakula kingine chenye protini. Kukiwa na njaa, muhogo hauloweki siku za kutosha. Njia mojawapo ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga ni kuulowanisha kwa maji, kuutandaza mwembamba usiozidi sentimita 1, na kuuacha kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusonga ugali. Wakishikwa wawili watatu kijiji kimoja, apelekwe mgonjwa hospitali na taarifa ifike kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa sababu wengine wanaokula chungu hichohicho wako njiani.

Ganzi inayopanda ni habari nyingine. Leo nyayo, kesho magoti, keshokutwa mapaja na vidole vya mikono, huku nguvu zikiisha, mara nyingi wiki moja au tatu baada ya kuhara au mafua. Kinga ya mwili imezigeukia neva. Hapa miguu inalegea badala ya kukaza, na hofu yangu ni pumzi. Mwambie avute pumzi moja ndefu na ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Asipofika 20, msisubiri basi la asubuhi.

Na mguu wa baridi. Mguu mmoja unaouma vikali ghafla, kisha unakufa ganzi, huenda damu imeziba mshipa. Huwapata zaidi wenye moyo unaodunda ovyo au vali zilizoharibika kwa homa ya baridi yabisi. Kwenye ngozi yetu weupe hauonekani juu ya mguu, kwa hiyo geuza unyayo, linganisha na wa pili, na shika miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wako. Ukiwa umepauka na wa baridi, tunahesabu kama saa 6 kuuokoa.

Katika hali zote hizi, asichuliwe kwanza. Asikandwe kwa maji ya moto: mguu usiohisi hauambii kwamba unaungua, na nimefunga vidonda vya namna hiyo kwa wagonjwa wa kisukari mara nyingi kupita kiasi. Asipewe aspirini nyumbani mkidhani ni kiharusi, kwa sababu kama ubongo unavuja mtazidisha. Asichanjwe chale wala kutobolewa vidole. Najua familia nyingi huhisi ametupiwa kitu, na sidharau maombi ya mtu yeyote. Ombeni mkiwa njiani.

Yapo yanayoweza kungoja wiki, mradi yasingoje mwaka. Ganzi ya nyayo zote mbili inayokuja taratibu kwa mwenye sukari. Ganzi ya paja la nje kwa mjamzito au anayefunga mkanda kwa nguvu. Maumivu yanayotoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba, nguvu zikiwa nzima. Baka la ngozi lisilohisi, ambalo linapaswa kutufanya tufikirie ukoma, kwa kuwa upo na una dawa. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu na hakupewa vitamini B6, au aliyetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi, amwambie daktari. Hizo tunarekebisha kwa gharama ndogo.

Ukiwa bado unasitasita, fanya hivi ukiwa na mtu wa kukushika. Tembea hatua kumi kwa visigino, kisha kumi kwa ncha za vidole. Simama miguu pamoja ufumbe macho. Angalia kama ndala inavuka bila wewe kujua. Ukishindwa lolote kati ya hayo na wiki iliyopita uliliweza, nenda leo.

Ukifika mapokezi usiseme "miguu inauma", maana utawekwa kwenye foleni ya miguu inayouma. Sema saa ilipoanza, sema "nimepoteza nguvu" kama umezipoteza, sema habari ya mkojo kabla hujaulizwa, na toa pakiti za dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji. Kama hujaguswa kwa pamba wala kugongwa goti kwa nyundo, omba kwa heshima ufanyiwe. Picha ya eksirei ya kiuno peke yake haioni uti wa mgongo. Ukirudishwa nyumbani na dawa za maumivu, uliza nirudi nikiona nini; na ganzi ikipanda juu, ikihamia mguu wa pili, au mkojo ukigoma, rudi usiku huohuo bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.