Barua za mfalme wa Ufaransa: nani hasa aliziomba?

Inasimuliwa mara nyingi kwamba kabla ya Mapinduzi, mfalme wa Ufaransa alijaza gereza la Bastille, jijini Paris, wapinzani wake kwa barua zenye muhuri, yaani amri za kifalme za kumfunga mtu, bila kesi. Bila kesi, ni kweli. Mwandishi Voltaire naye alitupwa humo mwaka 1717 kwa beti za kumkejeli mtawala. Lakini Bastille ilipovamiwa tarehe 14 Julai 1789 ilikuwa na wafungwa 7 tu: waghushi 4, wagonjwa wa akili 2, na kabaila mmoja aliyefungwa kwa ombi la jamaa zake.

Huyo wa mwisho ndiye mfano halisi. Katika karne ya 18 barua nyingi ziliombwa na familia: baba aliyechoshwa na mwana mcheza kamari, mke wa mlevi, ukoo uliohofia aibu ya kesi ya hadharani. Jijini Paris ombi lilipelekwa kwa Luteni Jenerali wa Polisi, cheo kilichoundwa 1667. Maofisa wake waliwahoji majirani, pengine na paroko. Likikubaliwa, barua ilitoka kwa jina la mfalme, waziri akatia saini chini yake. Mwenye uwezo alilipia chakula na malazi ya mfungwa wake, aliyewekwa kwa kawaida katika vizuizi vya Bicêtre na Saint-Lazare au kwenye nyumba za watawa.

Ubaya ulikuwa hapa: mara nyingi barua haikutaja mwisho wa kifungo, na kutoka kulitegemea sana walewale walioshtaki. Mirabeau, baadaye mwanasiasa wa Mapinduzi, alifungwa katika ngome ya Vincennes 1777 hadi 1780 kwa sababu ya baba yake. Waziri Breteuil alijaribu kuweka ukomo mwaka 1784. Bunge likazifuta barua hizo 1790.