Rangi haitoshi kusema ni spishi mpya

Huku Njoro mtu akiokota jiwe mtoni apate kadudu kekundu, na wale alikuwa anaona ni wa kijani, tayari anasema amepata spishi mpya. Zii, haiendi hivyo. Utitiri wa maji, huyo binamu wa kupe ambaye mara nyingi hata milimita mbili hafiki, anaweza kuwa na rangi tofauti ndani ya spishi moja, alafu ukimweka kwa spiriti rangi inapotea, sasa utamtambua na nini?

Wataalamu wanaangalia mwili. Wanamsafisha mpaka ndani kuonekane, wanamlaza kwa slaidi, wanaingia hadubini: mabamba ya tumbo yameungana vipi, vile vikombe vidogo vya sehemu za uzazi viko vingapi na vimepangwaje, na vile vipapasio viwili vya mdomoni vina vipande vitano vitano, kila kimoja kinapimwa kwa mikromita. Kazi ya macho kuuma kabisa. Tena dume na jike wanaweza kutofanana, na mtoto ana miguu sita akinyonya mbu na kereng'ende, mkubwa ana nane na anawinda mwenyewe.

Hapo bado hujalinganisha na ndugu zake wote walioandikwa. Akitofautiana nao wote ndio unachapisha jina, na yule mmoja wa mfano anawekwa makumbusho ili mwingine aweze kumkagua.

Kwa hivyo ukimpata, hifadhi kwa mchanganyiko wa gliserini, asidi ya siki na maji, kwa sababu spiriti humfanya mgumu. Na andika tarehe na mahali.